Setilaiti Iliyokosa Njia

Nchini Japani ipo setilaiti moja ndogo iliyobuniwa, ikaundwa, ikafanyiwa majaribio, na haikuruka. Inaitwa Nano-JASMINE. Uzito wake ni takriban kilo 35, na kioo cha darubini yake kina kipenyo cha sentimita 5 tu, hakizidi mdomo wa kikombe cha kahawa. Kazi yake ilikuwa kupima mahali zilipo nyota. Ilipangiwa kurushwa mwaka 2011 kwa roketi ya Kiukraini iitwayo Tsyklon-4 kutoka kituo cha Alcântara nchini Brazili. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, hadi mwaka 2015 Brazili ilipojitoa katika mkataba wake na Ukraini. Roketi yenyewe haikuwahi kuruka hata mara moja. Wanasayansi wa Tokyo, ambao hawakuwa na kauli yoyote katika mkataba wa mataifa hayo mawili, wakabaki na chombo chao kimekamilika na hakina njia.

Naanza na mkasa huu kwa sababu mijadala yetu kuhusu sayansi huchukulia kwamba akili ikipatikana na fedha zikipatikana, mengine yatajipanga yenyewe. Hayajipangi. Kati ya maarifa na matumizi ya maarifa kuna njia, na njia ina mwenyewe.

Nano-JASMINE ilikusudiwa kuwa mtangulizi. Mradi mkubwa, JASMINE, ulioongozwa kwa miaka mingi na Profesa Naoteru Gouda wa taasisi ya taifa ya falaki ya Japani, ulichaguliwa na wakala wa anga wa nchi hiyo mwaka 2019, na matarajio ya sasa ni kuurusha mwanzoni mwa miaka ya 2030. Shabaha yake ni kitovu cha galaksi yetu, Njia Nyeupe, kilicho umbali wa takriban miaka ya nuru 26,000 kutoka hapa tulipo.

Msomaji atauliza, na ni haki yake: je, Wazungu hawakwisha kuifanya kazi hiyo? Wameifanya kwa kiwango cha kustaajabisha. Setilaiti yao Gaia, iliyorushwa Desemba 2013 na kuzimwa Machi 2025, imepima nyota zinazokaribia bilioni 2. Lakini Gaia iliona kwa nuru ile ile tuionayo kwa macho, na kati yetu na kitovu cha galaksi kumetanda vumbi zito. Katika kila chembe trilioni moja za nuru ya kawaida zinazoanza safari kutoka huko kuja kwetu, hufika takriban moja. Nuru ya infraredi, ambayo mawimbi yake ni marefu zaidi, hupenya vumbi hilo vizuri zaidi. Ndiyo maana JASMINE imekusudiwa kutazama kwa mawimbi yenye urefu wa kati ya mikroni 1.0 na 1.6. Ramani kubwa kuliko zote iliyopata kuchorwa na binadamu ina giza palepale penye kitovu, na Wajapani wanataka kulichungulia giza hilo kwa darubini ya kioo kisichofika hata nusu mita.

Namna ya kupima ni ya kale. Nyosha kidole mbele ya uso, funga jicho moja, kisha lingine. Kidole kitaonekana kuhama. Dunia inapolizunguka Jua, nyota za karibu nazo huonekana kuhama kidogo mbele ya zile za mbali, na kwa kuhama huko umbali hupatikana. Friedrich Bessel alitangaza kipimo cha kwanza cha namna hiyo mwaka 1838. Ugumu uko katika udogo wa mhamo. Digrii moja ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60. Nyota ya kitovuni huhama kwa sehemu moja tu katika 8,000 ya sekunde moja. JASMINE inakusudia usahihi wa sehemu 25 katika milioni za sekunde. Ni sawa na kutambua, kutoka hapa duniani, kitu chenye upana wa sentimita 5 kilichowekwa mwezini.

Faida yake? Tutajua jinsi kitovu cha galaksi kilivyojengeka na lini. Bei ya sembe haitashuka, na sioni sababu ya kujifanya kwamba itashuka. Taifa linaloweza kutunza swali moja kwa zaidi ya miaka 20, serikali zikiingia na kutoka, lina nidhamu ambayo sisi, tunaobadili mitaala kila baada ya uchaguzi, tungefaa kuichunguza.

Safari hii Wajapani wamepanga kutumia roketi yao wenyewe, Epsilon S. Na bado njia imekuwa na miiba: injini ya hatua ya pili ya roketi hiyo ililipuka katika majaribio ya ardhini Julai 2023, na ikalipuka tena Novemba 2024. Tofauti ni kwamba sasa tatizo liko mikononi mwa wahandisi wao. Mlipuko wa nyumbani huchunguzwa. Mkataba wa wengine ukivunjika, husomwa gazetini.

Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu katika jambo hili, ingawa huizungumzia kwa nadra. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Kiitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, roketi ya Kimarekani iliipeleka angani setilaiti ya kuchunguza eksirei. Kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ikapewa jina Uhuru. Ilibadili elimu ya falaki, na Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina lilikuwa letu, bahari ilikuwa yetu. Maarifa yalishuka kwingine. Urushaji wa mwisho hapo ulikuwa mwaka 1988. Mwaka 2023 Kenya ilipopata setilaiti yake ya Taifa-1, iliipeleka California ikarushwe na kampuni ya Kimarekani.

Wapo watakaosema basi tujenge roketi. Sijafika huko, na sidhani hazina zetu zimefika. Ila ipo njia moja ambayo haina mlinzi langoni: takwimu za Gaia zimewekwa wazi kwa kila mtu duniani, na awamu zinapotolewa, mtafiti wa Paris na mwanafunzi wa Dodoma huzipata siku moja. Kinachohitajika ni kompyuta ya kawaida, intaneti isiyokatika, na mhadhiri wa fizikia asiyelemewa na darasa la wanafunzi 400. Anayeanza mwaka wa kwanza leo, akisomeshwa bila kukatishwa, atakuwa ameikaribia shahada ya uzamivu wakati JASMINE itakapokuwa ikitazama kitovuni. Idara ya kumpokea inapaswa kuingizwa katika bajeti ya mwaka huu.