Ziwa Nalo Lipumzike

Mitundu hakuna ziwa. Hata hivyo sokoni kwetu utakuta samaki wakavu wa Ziwa Malawi, na ukienda Lilongwe, au kambi ya Dzaleka wanakokaa wasema Kiswahili wengi, ni vivyo hivyo. Kwa hiyo shida ya wavuvi ni shida yetu pia.

Watu husema wavuvi wanamaliza samaki kwa ujinga. Mimi sikubali. Mvuvi ajua kwamba samaki mdogo akiachwa leo atakuwa mkubwa kesho. Lakini ajua pia kwamba akimwacha yeye, jirani yake atamchukua usiku.

Tazama Ziwa Malombe, kusini. Huko chambo walikuwa tele, kisha nyavu za matundu madogo zikazidi, na ilipofika miaka ya 1990 chambo walikuwa karibu kwisha. Mwaka 1993 serikali ilianza kuunda kamati za wavuvi, lakini chambo hawakurudi kama zamani.

Sasa tazama kisiwa cha Mbenji, upande wa Salima. Tangu miaka ya 1950, chifu na wavuvi wenyewe hufunga uvuvi kila mwaka toka Desemba mpaka Aprili, na avunjaye amri huadhibiwa. Kwa nini watu hutii? Kwa maoni yangu ni kwa sababu amri ni yao wenyewe, tena miezi hiyo ni ya mvua, ambapo mtu aweza kushika jembe.

Mwaka 2024 Tanzania nayo ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika, toka 15 Mei mpaka 15 Agosti. Jambo hilo ni jema, lakini kila mahali yafaa mvuvi aulizwe kwanza: miezi hiyo utakula nini? Mwenye njaa hana miiko.

Nasi wanunuzi tusijitoe. Usipa ni mdogo kwa maumbile yake, kumla si kosa. Lakini kasawala ni mtoto wa chambo. Mimi mwenyewe nimewanunua mara nyingi kwa kuwa ni rahisi, na kila fungu nililolipia lilimwambia mvuvi arudi akalete wengine.

Wenzangu wanafunzi, nanyi mliokwisha maliza shule na mna fedha mfukoni, tuwakatae kasawala. Asiyekuwapo mnunuzi, muuzaji hatoki nyumbani.