Tarehe 21 Mei na majina yasiyoandikwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa nchi kavu na wa maji, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, msafiri atokaye Bukoba kwenda Mwanza kwa barabara huvuka ghuba ya Mwanza baina ya Busisi na Kigongo. Tangu tarehe 19 Juni 2025 hapo pana daraja la kilomita zipatazo 3, na pale watu walipokuwa wakisubiri kivuko, sasa hupita kwa dakika chache. Tunamshukuru Mola kwa neema hiyo. Lakini wamo vijana wanaovuka Kigongo leo ambao hawajasimuliwa jinsi wazee wao walivyosafiri njia hiyo kwa meli, wala yaliyotokea asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka na kuzama ikiwa imekwisha kuikaribia Mwanza. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800. Wengi walizikwa Igoma bila kutambuliwa.

Wapo wasemao kwamba tarehe hii ina mkosi. Mwenye kupekua tarikh kwa nia hiyo hakosi ushahidi: Wacherkesi, Waislamu wa Kaukasi, huiadhimisha 21 Mei kwa majonzi, kwani siku hiyo mwaka 1864 vita vyao na Urusi vilimalizika kwa kushindwa, nao wakafukuzwa makwao, wengi wakafia Bahari Nyeusi katika vyombo vilivyojazwa kupita kiasi. Hata hivyo, tarehe hiyo hiyo mwaka 1998 Suharto alijiuzulu huko Indonesia baada ya kutawala zaidi ya miaka 30, na vijana wakashangilia. Tena hii ni tarehe ya kalenda ya jua. Mwaka 1996 iliangukia siku za mwanzo za Muharram 1417; mwaka 2018, 2019 na 2020 iliangukia ndani ya Ramadhani. Mkosi huo tuutafute katika mwezi upi? Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (SAW), jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Mtume, naye yu katika msiba, akawakanusha.

Kilichoizamisha MV Bukoba si tarehe. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya wenye tiketi za daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443, na wa daraja la tatu hawakuandikwa kabisa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya 220. Tarehe nyingine, sababu ile ile.

Hao wasioandikwa ndio wanaotushughulisha. Aliyekufa maji tumebashiriwa kuwa ana daraja ya shahidi, na hilo ni liwazo kubwa. Lakini nyumbani kwake kuna mke na kuna mirathi. Asiyejulikana kama alipanda meli huhesabiwa katika sheria kuwa mafqudi, yaani aliyepotea: mali yake haigawanywi, wala mkewe hakai eda ya miezi minne na siku kumi, mpaka upatikane ushahidi au hukumu ya kadhi. Jina moja kwenye karatasi ya bandarini lingemwondolea mjane huyo miaka ya kungoja. Ni ajabu kwamba mzigo wa ndizi uandikiwe stakabadhi na binadamu asiandikwe!

Daraja la Kigongo halijamaliza safari za ziwani. Ukara bado ni kisiwa. Basi mzazi anayesafiri aiambie familia yake chombo atakachopanda na saa ya kuondoka, adai jina lake liandikwe pamoja na la mtoto aliyembeba, na akiona chombo kimejaa, ateremke hata kama nauli imekwisha lipwa. Madeni yake na amana za watu ayaache yameandikwa nyumbani, mahali ambapo mkewe anapajua.