Dume Korofi la Nini?

Wiki hii niko Buigiri, na huku kuna kesi. Binamu yangu anataka kutoa akiba yake yote anunue dume la mbegu. Kaling'ang'ania moja linaloparua ardhi na kukimbiza watoto. Eti "ndiyo kidume hicho!"

Mjomba, mwenye zizi, hataki hata kulisikia. Niko upande wake. Ukali unarithiwa, jamani: dume korofi litakujazia zizi wakorofi, na siku ya josho itakuwa vita. Tena ng'ombe mwenye hasira hanenepi kama mtulivu, na akichinjwa kahangaika, nyama huwa nyeusi na kavu. Mshikaki gani huo?

Nimemwambia acheki Boran, wale wa ranchi ya Kongwa: mwili mkubwa, tabia pole. Au Mpwapwa, aliyezalishwa kituo cha utafiti huko huko Mpwapwa kwa kuchanganya ng'ombe wetu wa kienyeji na Sahiwal na Red Sindhi wa Asia. Huyo nyama anatoa, maziwa anatoa.

Lakini jina la aina halitoshi. Mbane kibanoni, kisha mfungulie. Akichomoka kama kaona simba, mwache. Akitoka anatembea, toa hela.

Na nyie dada zangu, kipimo ndicho hicho hicho. Tukutane wiki ijayo!