Wanaopinga Ukumbi wa Ndondi Wanajipinga Wenyewe

Hoja za wanaopinga kuanzishwa kwa Ukumbi wa kitaifa wa Magwiji wa Ndondi za Ridhaa nchini Kenya mmezisikia. Nimezisikiliza mimi pia, nikitafuta iliyo na mashiko. Nazileta mbele yenu, muamue.

Ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote: kwamba pesa za ukumbi ziwaendee mabondia wa zamani wanaotaabika. Aliyevaa rangi za taifa akala makonde kwa niaba yetu hastahili kuzeeka bila matibabu wala kodi ya nyumba; hapo hatuna ugomvi. Lakini watu hao hao, katika hoja ya pili, wanasema ukumbi hauwezekani kwa sababu kumbukumbu zimepotea, na hakuna ajuaye kwa hakika nani alipigana wapi, mwaka gani, akapata nini. Ziwekeni hoja hizo mbili pamoja. Kama hatuwajui, pesa tutampa nani? Msaada usio na orodha humfikia yule ambaye picha yake imetokea gazetini wiki hiyo. Aliyeiwakilisha nchi kisha akarudi kwao kimya hapati kitu. Kazi ya kwanza ya ukumbi ni orodha yenyewe: kuwahoji wazee waliobaki, kukusanya picha na karatasi za matokeo, kuyalinganisha maneno na magazeti ya enzi hizo. Ikiwa kumbukumbu zinapotea, hiyo ni sababu ya kuharakisha.

Hoja ya tatu inaiua ya pili. Ati magwiji wanajulikana tayari, na matokeo ya Olimpiki yako wazi kwa kila mtu. Basi tuyasome. Medali saba: shaba ya Philip Waruinge, Mexico 1968, na fedha yake, Munich 1972, shaba za Dick Murunga na Samuel Mbugua huko huko Munich, shaba ya Ibrahim Bilali, Los Angeles 1984, kisha Seoul 1988, dhahabu ya Robert Wangila na shaba ya Chris Sande. Sasa mtafuteni Stephen Muchoki. Hayumo. Alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974, akairudia 1978, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Belgrade. Olimpiki ya 1976 Kenya iliisusia kwa sababu ya timu ya raga ya New Zealand kuzuru Afrika Kusini ya ubaguzi. Ya 1980 ikaisusia baada ya Wasovieti kuingia Afghanistan. Uamuzi ulikuwa wa serikali, gharama akailipa kijana aliyekuwa katika ubora wake. Orodha ya medali haiwezi kulieleza hilo.

Hata pale inapomtaja mtu, inamtaja nusu. Waruinge aliondoka Mexico na shaba, lakini Kombe la Val Barker, la bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki ile, alikabidhiwa yeye. Waliovaa dhahabu walikuwapo, na hawakulipata. Ni vijana wangapi wanaofunga glavu Nairobi au Nakuru leo wanaolijua hilo?

Wanasema pia kwamba ridhaa ni ngazi tu, na kwamba ubora halisi hupimwa katika ndondi za kulipwa. Kwa kipimo hicho Muchoki ni mtu aliyepigania mkanda wa WBA dhidi ya Santos Laciar akashindwa, basi. Kwa kipimo hicho Teófilo Stevenson wa Kuba, mwenye dhahabu tatu mfululizo za Olimpiki, si kitu, maana hakuwahi kupigana pambano la kulipwa. Na Wangila? Katika fainali ya Seoul alimmaliza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili kwa knokauti. Boudouani huyo baadaye akawa bingwa wa dunia wa kulipwa. Wangila naye aliingia ndondi za kulipwa, akafariki Las Vegas mwaka 1994 kwa majeraha ya ulingoni. Anayesema thamani yake ianze kuhesabiwa baada ya Seoul aeleze anahesabu nini.

Hoja kwamba Kenya ni nchi ya wanariadha haihitaji maneno mengi: dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ambayo Kenya ilipata nje ya riadha ni hiyo ya Wangila.

Imebaki hofu kwamba viongozi wa ndondi wataujaza ukumbi jamaa zao. Hofu hiyo ninayo mimi pia. Dawa yake ni kanuni: kiongozi aliye madarakani asiteuliwe, bondia asubiri miaka mitano tangu astaafu, kura na sababu zake zichapishwe. Wapinzani hawajapendekeza hata kanuni moja. Na zile pesa za msaada za hoja ya kwanza, kama viongozi hawaaminiki hata na majina, walitaka zipitie mikononi mwa nani? Hilo hawajalijibu.