Mguu Uliopinda, Tazameni na Mgongo

Mimi niandikaye kitabu cha ubatizo naona watoto wachanga wengi, nao huletwa wamefungwa kofia, sweta na blanketi mbili, maana baridi ya Tukuyu mwaijua. Huonekana uso tu. Basi nawaomba akina mama na akina bibi: siku ya kumwogesha mtoto, tazameni miguu, kisha mgeuzeni mtazame mgongo.

Yuko mtoto azaliwaye nyayo zimegeukia ndani, kisigino kimepanda juu. Huo ni mguu kifundo. Si laana, wala si kosa la mama. Wengi wao hawana neno jingine, nao hunyoshwa kwa njia ya Dokta Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani: plasta hubadilishwa kila juma, kwa kawaida mara 5 hadi 7, kisha huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, miezi 3 usiku na mchana, halafu wakati wa kulala mpaka miaka 4 hivi. Hapo kwenye viatu ndipo wazazi huchoka, na mguu ukarudi kupinda.

Lakini kuna mguu ambao kosa lake liko mgongoni. Uti wa mgongo hufumba mapema sana, katika siku 28 za kwanza za mimba, mama pengine hajajijua. Usipofumba, mishipa ya fahamu iendayo miguuni huharibika. Misuli mingine huvuta, mingine hulegea, na mguu hupinda. Mwenye kidonda wazi au uvimbe mgongoni apelekwe hospitali siku ile ile. Ila mara nyingine ngozi imefunika, na pana kishungi cha nywele tu, au uvimbe laini, au kishimo juu ya makalio. Mwambieni dokta kabla hajafunga plasta, maana mguu usiosikia hupata kidonda ndani yake na mtoto asilie.

Na yule mkubwa aliyetembea vizuri, akafika miaka 7 au 8 mguu ukaanza kupinda, naye akarudia kukojoa kitandani? Msimpige! Huenda uti umenaswa mgongoni, nao wavutwa kadiri akuavyo. Apimwe upesi.

Mwaka 1991 utafiti wa Uingereza na nchi nyingine ulionyesha kuwa vidonge vya foliki asidi, vikimezwa kabla ya mimba na mama aliyekwisha kuzaa mtoto wa namna hii, hupunguza hatari kwa karibu robo tatu. Viwanda vikubwa hutia dawa hiyo katika unga, lakini sisi twala ndizi, na unga wa mashine ya kijijini. Kwa hiyo anayetaka kuzaa aombe vidonge zahanati mapema, asingoje tumbo lionekane. Aliyekwisha kuzaa mtoto wa mgongo wazi amwambie dokta, kwa kuwa kipimo chake ni kikubwa zaidi. Makandana watampokea, na ikibidi watamwandikia barua ya kwenda Mbeya.