Historia Iliyofungiwa Bungeni

Serikali ikitaka kuwanyima watoto historia yao haina haja ya kutunga sheria itamkayo hivyo waziwazi. Yatosha kuupitisha ukweli katika mlango mmoja, kisha ufunguo wa mlango huo ukabidhiwe wale ambao ukweli wenyewe unawataja.

Ndivyo ilivyotendeka mwaka 2013. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya 2008, ilimkabidhi Rais Uhuru Kenyatta ripoti yake tarehe 21 Mei. Makamishna watatu wa kigeni, Jaji Gertrude Chawatama wa Zambia, Balozi Berhanu Dinka wa Ethiopia na Profesa Ronald Slye wa Marekani, walikataa kuitia sahihi sura ya ardhi, wakisema kuwa aya zake zilibadilishwa kwa shinikizo la Ikulu. Aya hizo zilihusu ardhi ya Pwani, yaani ardhi yetu. Ilipofika Desemba, Bunge likairekebisha ile sheria ya 2008, na utekelezaji wa ripoti ukalazimika kungoja wabunge waijadili kwanza. Miaka kumi ilipita na hawakuipitisha.

Mtasema ripoti ya tume si kitabu cha darasani. Kweli, lakini kitabu cha darasani hupata wapi idhini? Sheria ya mwaka huo huo wa 2013 iliipa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala mamlaka ya kuidhinisha vifaa vya kufundishia. Sasa ni afisa gani mwenye kupenda mshahara wake atakayetangulia kuidhinisha ukurasa ambao Bunge lenyewe limeukalia? Hakuna aliyemkataza mwalimu wa Utange kufundisha. Ameachwa tu mikono mitupu.

Huko Marekani jambo hili lilifanywa bila haya. Oklahoma mwaka 2021, na Florida mwaka 2022, zilitunga sheria za kuwekea mipaka mafunzo juu ya ubaguzi wa rangi, kwa hoja kwamba mwanafunzi asifanywe kujiona mwenye hatia kwa ajili ya rangi yake. Oklahoma hiyo ndiyo yenye mji wa Tulsa, ambako mwaka 1921 Wazungu waliuteketeza mtaa wa Weusi wa Greenwood. Hata hivyo wao waliiandika nia yao ikasomeka, na raia wakapata la kupeleka mahakamani. Sisi tumefanyiwa kwa kifungu cha utaratibu, na wakili yeyote atawaambia kuwa kifungu cha utaratibu ndicho kigumu kukishitaki.

Wala si mara ya kwanza. Maina wa Kinyatti, mwalimu wa historia aliyekuwa akiichunguza Mau Mau, alikamatwa mwaka 1982 akafungwa miaka sita kwa kosa la kupatikana na maandishi ya uchochezi. Vifungu vya uchochezi vilifutwa mwaka 1997 baada ya wana mageuzi kumwaga damu barabarani, na marufuku ya mkoloni juu ya Mau Mau yenyewe haikuondolewa hadi 2003. Miaka 40 ya Uhuru, na chama cha waliopigania Uhuru bado ni haramu kisheria!

Husemwa kwamba kufundisha mambo ya rangi na ardhi Pwani ni kuchokoza kidonda. Tazameni basi Kengeleni, tunapopita kila tuendapo mjini. Ile kengele ni ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa na misheni ya CMS mwaka 1875 kwa ajili ya Waafrika waliookolewa utumwani. Historia yake haimfurahishi mtu yeyote kikamilifu. Yumo mfanyabiashara Mwarabu, yumo Mwafrika aliyemwuza jirani yake, yumo pia Mwingereza, ambaye alianza kututawala mwaka 1895 lakini akauacha utumwa na nguvu ya sheria hapa Pwani hadi 1907. Mwaka uliofuata, 1908, akaleta sheria ya hati za ardhi: asiyedai na kuandikisha, ardhi yake ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Mmijikenda na mtumwa aliyeachwa huru jana wangeandikisha nini, na kwa nani?

Mtoto asiyefundishwa mwaka 1908 atatafuta mwenye kosa karibu zaidi. Agosti 1997, huko Likoni, vijikaratasi vilimtaja mkosaji huyo kuwa ni jirani aliyetoka bara, na watu wakauawa na maelfu wakakimbilia makanisani. Tume ya Jaji Akiwumi iliyachunguza hayo, ikakabidhi ripoti mwaka 1999. Serikali ikaifungia hadi 2002. Kwa hiyo kidonda kilichokozwa na nani?

Waumini wenzangu wanakijua Kumbukumbu la Torati. Wana wa Israeli waliamriwa wawasimulie watoto wao kwamba walikuwa watumwa Misri, wala hawakuambiwa wangoje kura.

Katiba ya 2010 imetupa njia. Kifungu cha 33 chalinda uhuru wa kitaaluma, cha 35 chailazimu Serikali kuchapisha habari muhimu zinazoligusa taifa, na cha 119 champa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lifute au lirekebishe sheria. Ninaandaa rasimu ya ombi yenye mambo mawili: marekebisho ya Desemba 2013 yafutwe, na sura ya ardhi irudishwe kama ilivyokuwa kabla ya kubadilishwa. Kila parokia na kila msikiti wa Kisauni utakaoomba nakala utapelekewa. Andikeni majina kamili na nambari za vitambulisho, maana karani wa Bunge hatafuti sababu kubwa ya kulikataa.