Shilingi 300 za mjini, gari liko Kaloleni

Najua nimekuwa kimya wiki tatu, kulikuwa na mradi kazini uliokula hadi Jumapili zangu. Leo nilipanga kuendelea na yale mambo ya nakala za akiba za hifadhidata (sehemu ya pili, niliahidi), lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu wiki iliyopita na lazima nilitoe. Ni kuhusu maegesho ya magari. Msikimbie, programu zitaingia baadaye.

Nianze kwa kuungama. Naishi Donholm na nafanya kazi katikati ya mji. Ada ya kuegesha gari huko ni shilingi 300 kwa siku. Siku 22 za kazi mara 300 ni 6,600 kwa mwezi. Kwa hivyo, kama jamaa wengi wa Eastlands, nilitafuta njia ya panya. Mama yangu bado anaishi Kaloleni, nyumba ile ile tuliyokulia. Kila asubuhi nilikuwa nashuka na Jogoo Road, naingia Kaloleni, naacha gari kwenye kichochoro nyuma ya nyumba, nakunywa chai haraka haraka, halafu natembea kwa mguu kupita City Stadium na Muthurwa hadi kazini. Mazoezi ya bure, mama namwona kila siku, na 6,600 zinabaki mfukoni. Nilijiona mjanja kweli.

Jumanne iliyopita mama akanipigia simu saa saba mchana. Mzee jirani yetu alikuwa amezidiwa ghafla, teksi imeitwa, lakini haiwezi kufika mlangoni. Kichochoro kimejaa magari matano, na la mbele kabisa ni langu. Mimi niko mjini, ufunguo ninao mimi. Vijana walimfunika mzee blanketi wakambeba mikononi hadi barabarani. Namshukuru Mungu alifika hospitali na anaendelea vizuri. Lakini jioni nilipofika, mama aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, huyo ndiye aliyekushikia baiskeli ukijifunza, kwenye njia hiyo hiyo uliyoifunga."

Sikuwa na jibu.

Nilizunguka mtaa kabla ya kuondoka, nikahesabu magari. Kijana anayeyalinda kwa kitu kidogo alinicheka. "Buda, unahesabu nini? Karibu zote ni za watu wa tao. Wenye mtaa hawana gari."

Na ni kweli, Kaloleni haikujengwa kwa ajili ya magari. Mtaa ulijengwa miaka ya 1940, kwa jasho la wafungwa wa vita wa Kiitaliano, wakati ambapo serikali ya kikoloni haikumtarajia mfanyakazi Mwafrika kumiliki hata pikipiki. Nyumba ni za chini, za mawe, na vigae juu. Kuna viwanja vya wazi, miti, ukumbi wa jamii ambao wazee bado wanauita Bunge kwa sababu ya siasa za uhuru zilizochemka humo, na njia nyembamba za kupitisha watu na mikokoteni. Ni mtaa wa miguu. Sasa umegeuka ghala la magari ya watu wanaokwepa shilingi 300, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Sasa ngoja niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu kisa hiki kina ndugu yake Marekani. Disneyland, ile bustani kubwa ya michezo kule California, ilipofunguliwa Julai 1955, kuegesha gari kulikuwa senti 25. Leo ni zaidi ya dola 30 kwa siku, na hiyo ni kabla hujanunua tiketi ya kuingia. Bustani kama hizo zina bahati moja. Mtu akishaendesha gari saa tatu na watoto wanapiga kelele kiti cha nyuma, hawezi kugeuka langoni kwa sababu ya maegesho. Atanung'unika, atalipa. Ada ya maegesho ni tiketi ya pili iliyovaa nguo nyingine.

Lakini hata huko wageni si wajinga. Ada ikipanda hufanya moja kati ya mambo manne:

1. Wanalipa, halafu wanabana kwingine. Wanabeba sandwichi kutoka nyumbani.
2. Wanajazana kwenye gari moja badala ya mawili.
3. Wanaliacha gari nje, wanalala hoteli ya karibu na kuingia kwa miguu, au wanakuja kwa teksi.
4. Hawaji tena.

Mwenye bustani anaweza kuvumilia yote manne, kwa sababu uzio ni wake na lango ni lake. Mji hauna lango. Mtu wa Nairobi akichagua namba 3, gari lake haliishii kwenye eneo la hoteli. Linaishia kichochoroni kwa mama yangu.

Tuangalie ada yetu ilivyopanda na kushuka. Mwaka 2013 kaunti iliipandisha kutoka shilingi 140 hadi 300. Baadaye ikashuka hadi 200. Desemba 2019 kaunti ikataka 400, shirika la kutetea watumiaji la Cofek likaenda kortini, Mahakama Kuu ikasimamisha. Sheria ya fedha ya mwaka 2023 ikaturudisha kwenye 300. Miaka kumi ya kelele, na kelele zote ni za namba moja: iwe ngapi? Ni kama mabishano ya vijana wapya kazini kwangu, wanabadilisha namba ndani ya programu mara hamsini bila kujiuliza kama hesabu yenyewe iko sawa.

Hesabu haiko sawa. Sisi watu wa programu kasoro ya aina hii tunaiita mdudu, na mdudu huyu hayuko kwenye 300. Yuko kwenye maneno "kwa siku".

Chukua watu wawili. Wa kwanza anakuja mjini kuchukua cheti, dakika 20, anaondoka. Analipa 300, yaani shilingi 15 kwa dakika. Wa pili ni mtu wa ofisi kama mimi. Anaegesha asubuhi, anaondoka usiku, saa 10, dakika 600. Analipa 300 hizo hizo, yaani senti 50 kwa dakika. Yule anayetumia nafasi kidogo analipa mara 30 zaidi kwa kila dakika! Ada ikipanda, mwenye haraka ndiye anayeumia zaidi, na ndiye anayeamua kwamba hiyo nguo atainunua kwingine. Mwenye dukani anampoteza mteja, na nafasi mbele ya duka inakaliwa kutwa na gari ambalo halinunui hata pipi.

Kuna profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyeitwa Donald Shoup, aliyefariki mwaka 2025. Mwaka 2005 alitoa kitabu kinene kabisa juu ya maegesho peke yake (ndiyo, kitabu kizima). Alikusanya tafiti zilizofanywa kwenye miji yenye msongamano na kukuta kwamba, kwa wastani, karibu asilimia 30 ya magari barabarani yalikuwa yanazunguka tu kutafuta mahali pa kusimama. Ushauri wake ulikuwa rahisi. Bei isipangwe kwa kutazama bajeti ya serikali. Ipangwe ili kila barabara ibaki na nafasi moja au mbili wazi. Nafasi zikijaa, panda. Zikibaki tupu, shuka.

San Francisco walijaribu kwa teknolojia mwaka 2011. Waliweka vitambuzi barabarani, wakaangalia nafasi zimejaa kiasi gani, na kila baada ya wiki kadhaa wakarekebisha bei ya kila mtaa na kila kipindi cha siku. Lengo lilikuwa nafasi zijae kwa asilimia 60 hadi 80. Mwisho wa jaribio, wastani wa bei ya mita ulikuwa umeshuka kwa senti 11 kwa saa. Umeshuka! Iligundulika kwamba mitaa mingi ilikuwa ikitozwa kupita kiasi, na michache ilikuwa rahisi mno.

Najua mtakachosema. "Huko ni San Francisco, sisi vitambuzi vitaibwa kabla simiti haijakauka." Sawa. Lakini hatuhitaji vitambuzi. Tuna M-Pesa tangu 2007, na ada ya maegesho Nairobi imekuwa ikilipwa kwa simu tangu 2014. Ukilipa, unaingiza namba ya gari, na mfumo unaandika tarehe na saa. Askari wa kanjo anaangalia kwenye simu yake kama namba hiyo imelipiwa. Sehemu ngumu tayari imejengwa. Kinachokosekana ni swali moja kwenye menyu: saa ngapi?

Mfumo haujui gari limeondoka lini, hilo ni kweli. Hauhitaji kujua. Mtu anachagua saa mbili, analipia saa mbili. Zikibaki dakika 15 anapata ujumbe: ongeza au ondoa gari. Mwisho wa mwezi kaunti ina data ya kutosha kujua barabara gani hujaa saa nne na ipi hulala tupu mchana kutwa.

Hesabu ya mapato hii hapa. Tuseme ni shilingi 60 kwa saa, namba niliyoichagua mimi kwa mfano tu. Nafasi iliyokuwa inakaliwa na gari moja kwa saa 10 ilileta 300. Magari matano ya saa mbili mbili yanaleta 600. Hata nafasi ikikaa wazi nusu ya siku, kaunti imepata 300 zile zile, na mtu wa cheti amelipa 60.

Sasa niseme upande mbaya, kwa sababu huwa sipendi makala zinazouza dawa ya kila ugonjwa. Kuna matatizo mawili.

La kwanza ni klampu. Muda ukiisha kila baada ya saa mbili, askari atakuwa na nafasi nyingi zaidi za kukufunga gurudumu na kukuomba "tuongee". Kwa hivyo lazima programu yenyewe imzuie: dakika kadhaa za huruma, na simu yake isikubali kurekodi klampu kabla ujumbe wa pili haujamfikia mwenye gari. Kanuni ikiwa ndani ya programu, ni vigumu zaidi kuipindisha kando ya barabara.

La pili ndilo linaloniuma. Kwa shilingi 60 kwa saa, mtu wa ofisi wa saa 10 atalipa 600. Atafanya nini? Atakuja Kaloleni! Tukirekebisha mji na kuusahau mtaa, tutakuwa tumesukuma taka kutoka sebuleni hadi jikoni.

Kwa hivyo mtaa lazima uwe ndani ya mpango tangu siku ya kwanza. Mji wa Pasadena, pale pale California, ulipoweka mita kwenye mtaa wake wa kale mwaka 1993, ulikubaliana na wenye maduka kwamba pesa zitarudi kwenye mtaa huo huo: njia za miguu, taa, usafi. Kaloleni inaweza kupata kitu kama hicho. Nyumba ni za kaunti, mwenye nyumba na mwenye maegesho ni yule yule mmoja, hakuna wa kutupiana lawama. Mkazi na mgeni wake waandikishe namba za magari yao bure. Wa nje alipe, aegeshe mahali palipochorwa tu, na vichochoro vifungwe kabisa kwa magari yanayolala kutwa. Pesa zitengeneze mitaro na taa za Kaloleni. Na yule kijana anayelinda magari apewe kazi rasmi na fulana, kwa sababu anajua mtaa kuliko mtambo wowote nitakaowahi kuuandika.

Mtu ataniuliza, wewe uliyeyajua haya yote, mbona uliegesha hapo? Kwa sababu 6,600 ni pesa, na kwa sababu kila mmoja wetu akihesabu peke yake, hesabu inamkubali. Magari matano kwenye kile kichochoro yalikuwa hesabu tano zilizo sahihi. Jumla yake ilikuwa mzee aliyebebwa kwa blanketi.

Tangu Jumatano napanda matatu kutoka Donholm. Jioni nashuka Kaloleni, namsalimia mama, napita kumjulia hali mzee, kisha naendelea na safari. Juzi aliniuliza gari liko wapi. Nikamwambia liko nyumbani linapumzika. Akasema, "Vizuri, mwanangu. Na sisi tupumzike."

Kama uko mtaa ulio karibu na mji, iwe Shauri Moyo, Ziwani au Ngara, niandikie hali ilivyo kwako. Nakala za akiba tutazirudia wiki ijayo, safari hii kweli kweli.